Kupima Uwezo wa Lami Kujiponya: Mwongozo wa Maabara Isiyo na Mitambo Mikubwa

Barabara ya lami nzito iliyoota nyufa nyembamba kama unywele wakati wa kipupwe, ukiirudia Februari jua likiwa limekolea, nyufa nyingine huzioni tena. Hakuna aliyezijaza. Lami imelainika, kingo za ufa zimegusana, magurudumu yamezikandamiza, na zimeshikana upya. Lami hufanya hivyo kwa asili yake. Mwaka 1967, Wafaransa Bazin na Saunier walieleza jinsi vipande vya lami nzito vilivyovunjwa, vikaunganishwa na kupumzishwa vikiwa vimekandamizwa, vilivyorudisha sehemu kubwa sana ya nguvu zake. Kwa hiyo hatuulizi kama lami hujiponya. Tunauliza hujiponya kiasi gani, kwa joto gani, kwa muda gani, na uwezo huo hubaki kiasi gani lami ikishazeeka.

Mwongozo huu ni kwa fundi sanifu au mwanafunzi wa uhandisi aliye na vitu vya kawaida: nyundo na moldi za Marshall (za kugongea na kufinyangia sampuli za lami nzito), mashine ya CBR (ile ya kupimia uimara wa udongo wa barabara), oveni, msumeno wa almasi, na friza ya kawaida, ile ya kuhifadhia samaki. Njia yenyewe ni vunja, ponya, vunja tena. Inaonekana kazi rahisi, na ndiyo maana wengi hupata namba nzuri zisizo na maana. Nitasema zaidi juu ya mahali inapokudanganya kuliko juu ya mashine.

Neno moja kabla hatujaanza. Nikisema "lami" peke yake, nakusudia kile kiungio cheusi. Nikisema "lami nzito", ni mchanganyiko wake na kokoto, mchanga na vumbi la mawe. Lami nyepesi, ile ya kunyunyiza lami na kutandaza kokoto juu, haiingii hapa.

Kinachotokea ndani ya ufa

Kwanza kingo mbili lazima zigusane. Kisha lami ya upande huu iloweshe uso wa upande ule, kama mafuta yanavyotambaa juu ya sahani. Mwisho, molekyuli za pande mbili hupenyana mpaka mpaka wenyewe unapotea. Hatua hizi zote huharakishwa na joto. Lami ya daraja la 50/70, kwa kiwango cha Ulaya, huwa na nyuzijoto ya kulainika kati ya 46 na 54. Ikikaribia hapo hutiririka, na ufa mwembamba huivuta ndani yake kama utambi unavyovuta mafuta ya taa.

Uso wa barabara ya pwani saa nane mchana hupita nyuzi 55 bila shida. Tuna oveni ya bure juani. Lakini jua hilohilo, pamoja na hewa, ndilo linaloizeesha lami, likaifanya ngumu na kavu isiyotiririka tena. Ukipima briketi mbichi, yaani sampuli za mviringo za lami nzito, zilizotoka kwenye moldi jana, unapima barabara ya siku ya uzinduzi. Utepe ukishakatwa, namba hiyo inaanza kuisha muda wake.

Hatua ya kwanza: panga idadi kabla ya kuwasha jiko

Mpango ninaoupenda ni joto la aina tatu, nyuzi 30, 45 na 60, na muda wa aina tatu: saa 2, 8 na 24. Hayo ni makundi tisa. Weka nusu-briketi nne kwa kila kundi, jumla 36. Juu yake ongeza vidhibiti, yaani sampuli za kulinganishia, ambavyo ndivyo watu huviruka:

- nusu nne zitakazovunjwa, kuunganishwa, na kurudishwa kwenye friza bila kupata joto;
- nusu nne nzima zitakazovunjwa mara moja tu, bila kupashwa joto;
- nusu nne nzima zitakazokaa nyuzi 60 kwa saa 24 bila kuwa na ufa wowote, kisha zivunjwe.

Hizo ni nusu 48, yaani briketi 24. Ongeza briketi moja ya kutobolewa kwa ajili ya kipimajoto. Kwa sampuli zilizozeeshwa ongeza briketi nane: sita za kuponyesha saa 24 kwa kila joto, na mbili za kidhibiti cha kupashwa bila ufa. Briketi moja ina gramu 1200 hivi, kwa hiyo andaa mchanganyiko wa kilo 40, na zaidi kidogo kwa zitakazoharibika. Changanya yote kutoka pipa moja la lami na rundo moja la kokoto. Lami ya mapipa mawili tofauti, hata kama lebo ni moja, inaweza kukupa "tofauti" ambayo si ya kupona.

Hatua ya pili: tengeneza briketi, na dizeli ikae mbali

Gonga mapigo 75 kila upande kama kawaida. Tatizo liko kwenye kupaka moldi. Kuna maabara ambazo mtu hupitisha kitambaa chenye dizeli ndani ya moldi ili briketi isigande. Kwa kipimo cha uthabiti pengine haionekani. Hapa inaharibu kila kitu, kwa sababu dizeli huyeyusha lami, na lami iliyoyeyuka hujiponya vizuri sana. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilifurahia wiki nzima matokeo ya briketi sita zilizopona kuliko wenzake. Siri yake ilikuwa chupa ya soda chini ya meza, imejaa dizeli. Tumia grisi ya silikoni kidogo sana, au karatasi ya kuokea.

Pima msongamano na uwazi wa hewa wa kila briketi. Zinazopishana na wastani kwa zaidi ya nusu asilimia ya uwazi, zitupe.

Lami ya moto ina nyuzi 150 na zaidi. Vaa glavu ndefu na miwani. Ikimrukia mtu, weka sehemu hiyo kwenye maji safi ya baridi kwa muda mrefu, usiibandue lami kwenye ngozi, mpeleke hospitali.

Hatua ya tatu: zeesha sehemu yake

Utaratibu wa Marekani wa AASHTO R 30 huzeesha briketi zilizokwisha gongwa kwa siku tano, saa 120, kwenye oveni ya nyuzi 85. Oveni yoyote yenye feni inaweza. Zivalishe wavu wa waya au karatasi ngumu kiunoni zisitanuke. Umeme ukikatika, andika saa ulipokatika na saa uliporudi, na ongeza muda uliopotea baada ya oveni kufikia joto tena. Ukikatika usiku mzima bila mtu kujua, anza upya. Inauma, lakini bora iume sasa.

Hatua ya nne: kata, chonga mkato, kausha

Pasua kila briketi katikati, kutoka juu hadi chini, upate nusu mbili zenye umbo la mwezi nusu. Katikati ya uso ulionyooka chonga mkato wa kina cha milimita 10, kwa msumeno mwembamba kadiri uwezavyo. Mkato huo ndio utakaoiambia sampuli ivunjike wapi. Kiwango cha Ulaya cha kipimo hiki, EN 12697-44, hutumia sampuli za kipenyo cha milimita 150 na unene wa 50. Sisi tunatumia moldi ya Marshall ya milimita 101.6, kwa hiyo usilinganishe kilonewton zako na za vitabu. Uwiano ndio unaoutafuta.

Ziandike namba kwa rangi, kisha zigawe kwenye makundi kwa kura, nusu mbili za briketi moja zisiingie kundi moja. Zikaushe kwa feni mpaka mizani ionyeshe uzito uleule asubuhi na jioni. Usizianike juani, utakuwa umeanza kuzipasha kabla ya wakati.

Hatua ya tano: vunja mara ya kwanza

Hapa kuna uamuzi wa kufanya. Ukivunja kwa joto la chumba, lami hunyumbulika, sampuli hupinda, na vipande viwili havikai tena mahali pake. Ukivunja kwa baridi kali, hupasuka kavu na vipande hurudiana kama kikombe kilichovunjika. Mimi huvunja kwa baridi. Friza ya kawaida hufika nyuzi 18 chini ya sifuri, inatosha. Zilaze humo usiku kucha.

Weka nguzo mbili za kuegemea kwa umbali wa milimita 80, uso wenye mkato ukitazama chini, na mzigo ushuke juu ya kilele. Mashine ya CBR hushuka milimita 1.27 kwa dakika, mwendo unaokuwezesha kuisoma geji. Ile ya Marshall, milimita 50 kwa dakika, huvunja kabla hujapepesa. Kama huna kifaa cha kurekodi, tegesha simu mbele ya geji irekodi video. Toa sampuli moja moja kutoka kwenye friza na uivunje ndani ya dakika mbili. Andika mzigo wa juu kabisa, F1.

Utasikia "ta!", na vipande viwili vitalala mezani. Viangalie kabla ya kitu kingine. Utaona sehemu nyeusi zinazong'aa, ambako ufa ulipita ndani ya lami, na hapa na pale madoa ya kijivu au meupe: kokoto zilizokatika zenyewe. Uso wa kokoto iliyokatika hauna lami. Unaweza kupona tu kama lami ya jirani itaufikia. Piga picha kila uso na ukadirie madoa hayo ni sehemu gani ya eneo lote, kwa sababu kundi lenye kokoto nyingi zilizokatika litaonekana limepona kidogo, na utailaumu lami bure.

Sasa subiri dakika tatu uangalie tena. Kama upo Dar, Mombasa, Tanga au Unguja, nyuso hizo zimeshapata ukungu, kisha matone, kama chupa ya maji iliyotoka barafuni. Huo ndio mtego wa pwani ambao maandishi ya nchi za baridi hayautaji kwa sababu haujawasumbua. Ukiunganisha vipande vikiwa na umande, umefungia maji katikati ya ufa, na lami haiwezi kulowesha uso uliokwisha loweshwa na maji. Vitenganishe, nyuso zikitazama juu, mbele ya feni. Pima uzito kila baada ya nusu saa. Uzito ukiacha kupungua, endelea. Usizipanguse kwa kitambaa.

Hatua ya sita: ponya

Unganisha vipande kwa mkono, vikae sawasawa. Halafu vinahitaji kushikiliwa, kwani kwa nyuzi 60 briketi iliyoachwa huru hutambaa na kubonyea. Tumia moldi ileile ya Marshall: ingiza miezi nusu miwili iliyounganishwa, nyuso zilizonyooka zikitazamana, na katikati yake bati tambarare lenye unene sawa na mwanya ulioliwa na msumeno. Zungushia karatasi ya kuokea pande zote. Ndani ya mkato ingiza kipande cha karatasi hiyohiyo kilichokunjwa, ili lami isitiririke ikauziba. Mkato ukijaa, mvunjiko wa pili utakuwa na kazi kubwa kuliko wa kwanza, na utapata sampuli "iliyopona" asilimia 110. Ukiona namba inayopita 100, usimpigie simu mwalimu wako bado. Rudi ukaangalie mkato.

Saa ya kuponya haianzi unapofunga mlango wa oveni. Ile briketi ya ziada, toboa tundu hadi katikati yake, ingiza themokapo, iweke kwenye moldi kama zingine. Saa inaanza katikati ya briketi inapofika joto lililokusudiwa. Muda ukiisha, acha moldi zipoe zikiwa zimefungwa mpaka joto la chumba, ndipo utoe na kurudisha sampuli kwenye friza.

Kundi la kidhibiti cha baridi liunganishe vilevile, kwenye moldi zilizopoozwa kwanza kwenye friza, kisha likae humo saa 24. Mara nyingi huanguka vipande unapolishika tu. Ndivyo inavyotakiwa. Kama linabeba mzigo wa maana, kuna barafu au uchafu unaoshikilia vipande, na namba zako zote zimebeba kosa hilo.

Hatua ya saba: vunja tena, piga hesabu

Vunja kwa baridi ileile, mwendo uleule, egemeo lilelile. Mzigo wa sasa ni F2. Kiwango cha kupona ni F2 ukigawa kwa F1, mara 100. Wengi huishia hapo.

Lakini kukaa nyuzi 60 kwa saa 24 kunaweza kubadilisha nguvu ya sampuli hata isiyo na ufa: hujipanga ndani, hukazana, hukakamaa. Ndiyo kazi ya kidhibiti cha tatu. Tuseme nusu nzima zisizopashwa zilivunjika kwa wastani wa kilonewton 6.0, na zilizopashwa kwa 6.6. Joto peke yake limeongeza asilimia 10. Sampuli yako yenye ufa ilikuwa na F1 ya 6.1 na F2 ya 3.7, yaani asilimia 61. Gawa kwa 1.10 upate 55. Hiyo 55 ndiyo ya kupona, na ile sita iliyobaki ni zawadi ya oveni. Kwa makundi ya nyuzi 30 marekebisho haya ni madogo, unaweza kuyaacha ukisema umeyaacha.

Kama mashine yako inarekodi na mshuko, pima pia eneo lililo chini ya mchoro wa mzigo na mshuko, yaani nishati ya kuvunjika. Mara nyingi nishati na mzigo havisemi kitu kimoja. Mimi huandika vyote viwili.

Kila kundi litoe wastani na mtawanyiko wake. Sampuli nne ni chache. Makundi mawili yakiingiliana, sema hujaona tofauti. Kisha weka zilizozeeshwa kando ya mbichi. Katika ripoti nzima, ukurasa huo ndio nitakaousoma kwanza.

Ukiwa na mashine ya uchovu

Maabara za vyuo zina kifaa cha kupinda nondo za lami nzito maelfu ya mara, au rheomita ya kupindisha tone la lami. Huko watu hupima hivi: choshe sampuli mpaka ukakamavu ushuke nusu, ipumzishe, angalia umerudi kiasi gani. Usiamini ukakamavu uliorudi. Sampuli inayotikiswa hupata joto ndani, na ikipumzika hupoa, kwa hiyo hukakamaa bila ufa wowote kupona. Tena lami ina tabia ya uji mzito: ukiikoroga hulegea, ukiiacha hukaza. Hayo mawili hurudi haraka na hupotea haraka.

Namna ya kuyatenga ni kuanza tena kutikisa na kuhesabu mizunguko. Kama ukakamavu umerudi asilimia 80 lakini baada ya mizunguko michache umeshuka tena pale ulipokuwa, hakukuwa na kupona kwa maana. Kama umehitaji mizunguko mingi kurudi pale, hiyo ni kazi halisi ya lami.

Nyuzi za chuma na vidonge vya mafuta

Uholanzi, watafiti wa chuo kikuu cha Delft wakiongozwa na Erik Schlangen walichanganya nyuzi za chuma, jamii ya zile za kusugulia sufuria, kwenye lami nzito yenye matundu. Mwishoni mwa 2010 kipande cha barabara kuu ya A58 karibu na Vlissingen kilijengwa hivyo, ili mashine yenye sumaku-umeme ipite juu na kuzipasha nyuzi ndani kwa ndani. Wengine huficha mafuta ya alizeti ndani ya vidonge vinavyopasuka ufa unapopita. Ukitaka kujaribu nyuzi, maikrowevu ya nyumbani inatosha: vipindi vya sekunde 20, ukipima uso kwa kipimajoto cha miale kila mara, na uache ukiona moshi. Nyuzi zilizojikusanya huruka cheche. Maikrowevu hiyo isirudi jikoni. Kwa barabara zetu zenye jua, sijashawishika kwamba gharama ya chuma inalipa, ila kwenye tabaka la chini ambako jua halifiki.

Kuipeleka namba barabarani

Ufa wa maabara ni msafi. Wa barabarani una vumbi jekundu na maji ya mvua. Kama muda upo, tengeneza kundi jingine: baada ya kuvunja, chovya nyuso kwenye vumbi laini, gonga lililozidi lidondoke, kisha uponye nyuzi 60 kwa saa 24. Andika namba hiyo pembeni ya ile safi.

Halafu toboa tundu mbili ukingoni mwa barabara unayoishughulikia, moja kina cha milimita 20 na nyingine 50, weka vipimajoto, rekodi wiki nzima ya kipupwe na wiki nzima ya joto. Hesabu ni saa ngapi kwa siku kila kina kilikuwa juu ya 30, juu ya 45, juu ya 60. Linganisha na makundi yako tisa. Tabaka la juu pengine linaishi kwenye kundi la nyuzi 45 kwa saa nne tano kila mchana. Tabaka la chini, zinakoanzia nyufa za uchovu (zile zinazoletwa na mizigo ya kurudiarudia), huenda halifiki 45 kabisa. Kwenye njia kama ya Chalinze kwenda Morogoro, ambako malori hayana usiku, hesabu pia mwanya kati ya lori na lori, kwa sababu ufa unaofunguliwa kila baada ya sekunde chache haujapata zile saa nane ulizoupa kwenye oveni.